Mdogo wangu anataka kadi ya grafiki, nami nina laki nne tu

SWALI

Kaka, habari za kazi? Pole na majukumu.

Mimi ni dada wa miaka 27, naishi Tabata na mama pamoja na mdogo wangu wa kiume aliyemaliza kidato cha sita. Nafanya kazi kwenye duka la dawa, na kwa sasa LUKU, gesi na vocha za nyumbani zote zipo mikononi mwangu. Mdogo wangu alipoingia kidato cha tano nilimwahidi kwamba akifaulu vizuri nitamnunulia kadi ya grafiki, ile ya kuchora picha za gemu, ya kuweka kwenye kompyuta yake. Amepata daraja la kwanza. Ahadi ni deni, na zamu yangu ya mchezo wa kazini imefika, kwa hiyo nimetenga shilingi 400,000.

Kompyuta yenyewe ni Dell OptiPlex 9020 ya mtumba tuliyonunua Kariakoo, ile ya boksi refu la kusimama. Ameniandikia kwenye karatasi: i5-4590, RAM 8GB, Windows 10. Monita ni ya inchi 19, ya nukta 1440 kwa 900, na nyuma ina tundu la VGA peke yake. Anataka kucheza EA FC 24, GTA V na Valorant na wenzake. Pia anajifunza kuhariri video, anasema wakati anasubiri chuo anaweza kupata vibarua vya video za harusi na sendofu.

Mimi si mtu wa kompyuta. Jumamosi iliyopita nilizunguka kuuliza bei, nikarudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyotoka. Kariakoo winga mmoja alinipeleka kwenye duka lenye GTX 1050 Ti ya 4GB, "mpya, ipo kwenye boksi lake", shilingi 170,000. Nilipomwonyesha picha ya monita yetu akasema basi hii ndiyo yenyewe, kwa sababu ina tundu la VGA, nitachomeka moja kwa moja bila kununua kitu kingine. Posta nikakuta GTX 1650 ya 4GB kwa 390,000, waranti miezi sita. Halafu rafiki wa mdogo wangu anayekaa Kinyerezi anauza RX 580 ya 8GB aliyokuwa anaitumia mwenyewe, kwa 250,000. Kwenye picha ya boksi niliyotumiwa pameandikwa RX 580 2048SP.

Mdogo wangu anaitaka hiyo ya rafiki yake. Anasema 8GB ni mara mbili ya 4GB, ina nguvu zaidi, na tena inabakiza laki na nusu. Amenionyesha video za majaribio na kweli fremu zake (picha kwa sekunde) ni nyingi kuliko za 1650. Nilipouliza kama umeme wa kompyuta utaibeba, rafiki yake akasema atatupa na adapta ya waya, hakuna tatizo. Mimi moyo wangu unasita ila sina maneno ya kumweleza kwa nini. Sasa kijana amenuna, anasema nataka kulipa hela nyingi kwa kitu dhaifu kwa sababu tu kinauzwa dukani.

La mwisho: nyumbani tunatumia kama uniti 60 kwa mwezi, na tupo kwenye ile bei ya matumizi madogo. Kadi hizi zinakula umeme kiasi gani? Mama ameshaanza kuuliza.

Nijibu kabla ya Jumamosi, tafadhali.

Dada Mkubwa, Tabata

JIBU

Dada, mpe kijana hongera zangu, na wewe pia kwa kutoisahau ahadi yako. Jibu langu ni hili: nunua GTX 1650, ila iwe ile isiyohitaji waya wa umeme, na usiilipie 390,000. Ya Kariakoo iache hata wakikushushia hadi laki moja. Ya Kinyerezi ni kadi halali, na mdogo wako hajakosea hesabu. Ila amepiga hesabu ya kompyuta ambayo si yake.

Nianze na ya Kariakoo, maana huko hela ingepotea yote. Kile kile alichokisifia winga ndicho kinachoitia shaka. Chipu ya GTX 1050 Ti, iliyotoka Oktoba 2016, haina uwezo wa kutoa mawimbi ya VGA. NVIDIA, watengenezaji wake, waliuondoa kuanzia kizazi hicho, kinachoitwa Pascal. Kadi halisi huwa na HDMI, DisplayPort na DVI ya kidijitali. Ukikuta 1050 Ti yenye lile tundu la bluu la VGA, mara nyingi unatazama kadi ya mwaka 2010 au 2011, kama GTS 450 au GTX 550 Ti, ambayo programu yake ya ndani imeandikwa upya ili ijitaje kwa jina la mwenzake. Kompyuta itasoma "GTX 1050 Ti, 4GB" na utaondoka dukani umeridhika. Balaa linaanza nyumbani. Unaweka draiva (programu ya kuiongoza kadi) kutoka NVIDIA, skrini inageuka bluu au draiva inagoma, na ukifungua gemu inaganda pale inapoomba kumbukumbu ambayo kadi haina. FC 24 inataka DirectX 12, mfumo wa Windows wa kuchorea gemu, kwa hiyo kwenye kadi ya aina hiyo sitegemei hata ifunguke. Huenda winga hakujua anachouza. Hilo halikupunguzii hasara.

Ungeipata 1050 Ti halisi ya mtumba kwa bei chee, nisingekuzuia. Uwezo wake upo kama robo chini ya 1650, na kwa monita ndogo kama yenu inajitosheleza. Kasoro ni kwamba Oktoba 2025 NVIDIA waliacha kutengeneza draiva za gemu mpya kwa kizazi hicho, wamebakiza marekebisho ya usalama tu. GTX 1650 ni ya kizazi kilichofuata na bado inahudumiwa.

Sasa tuje kwenye kadi inayowagombanisha.

Mdogo wako anafanya jambo la maana bila kujua lina utaratibu wake: anatafuta bei ya kila fremu. Wapimaji wa kadi huchukua bei na kuigawa kwa idadi ya fremu ambazo kadi inatoa kwa sekunde. Tuifanye hesabu hiyo kwa haki. Tuseme GTX 1650 ni mia. RX 580 kamili, iliyotoka 2017, inaipita kwa robo hivi. Lakini hayo maandishi 2048SP uliyoyaona kwenye boksi yana maana yake. RX 580 kamili ina vitengo 2,304 vya kuchakata, hii ina 2,048, na ilitolewa 2018 kwa ajili ya soko la China. Idadi hiyo ni ya RX 570. Jina la kaka, nguvu za mdogo wake. Basi tuipe 115. Ukigawa, 1650 ya Posta inakugharimu shilingi 3,900 kwa kila pointi, RX 580 ya Kinyerezi kama 2,170. Kwenye karatasi kijana ameshinda, tena kwa mbali, na ningependa umwambie hivyo kabla hujamwambia kingine chochote.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba kadi imefungwa kwenye kompyuta inayoiweza. Fungua karatasi uliyoandikiwa. OptiPlex 9020 ya boksi refu hutoka kiwandani na pawasaplai, kile kiboksi cha kugawa umeme ndani ya kompyuta, ya wati 290. Hakikisha kwa kusoma stika iliyobandikwa kwenye pawasaplai yenyewe. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ile i5-4590, imekadiriwa wati 84. RX 580 kamili imekadiriwa wati 185, nami naitumia namba hiyo kwa tahadhari. Hizo mbili peke yake ni 269, kabla hujahesabu diski, RAM, feni na madabodi (bodi kuu ya kompyuta). Hakuna fundi makini atakayekubali kuiendesha kompyuta ikiwa ukingoni namna hiyo, katika mji ambao Februari chumba cha kulala kinachemka hata dirisha likiwa wazi.

Na hiyo adapta ya waya ndiyo inayonitisha kuliko vyote. Tundu la ubavuni mwa kadi, lile la pini nane, limetengenezwa kupitisha hadi wati 150. Pawasaplai ya Dell yenu haina waya wa namna hiyo, ndiyo maana rafiki anatoa adapta, na adapta za bure nyingi huchukua umeme kutoka kwenye waya wa SATA, ule wa diski. Waya wa SATA kwa upande wa volti 12 umepimiwa wati 54. Unaona pengo lilivyo. Ukilazimisha, plastiki ya kichwa cha waya inalainika, inaungua, na moto ukianzia hapo hauishii kwenye kadi. Mama yenu analala kwenye nyumba hiyo. Hata kama kijana ataendelea kununa mwezi mzima, hapa usilegeze.

Atasema basi tubadilishe pawasaplai. Inawezekana, ila Dell katika mashine hizi walitumia kiunganishi chao cha pini nane kwenye madabodi badala ya kile cha kawaida cha pini 24, kwa hiyo utanunua pawasaplai nzuri na adapta yake maalumu, na mtu wa kuifunga. Ukijumlisha na 250,000 ya kadi, ile laki na nusu iliyobaki imeshaanza kuyeyuka, na umepata kadi isiyo na waranti.

GTX 1650 ya kawaida inahitaji wati 75, na hizo ndizo wati ambazo tundu la madabodi linaweza kutoa lenyewe, bila waya wowote wa ziada. Jumlisha na prosesa upate 159. Hapo pawasaplai ya wati 290 inapumua.

Kuhusu LUKU umeuliza swali ambalo watu wengi hawalifikirii kabisa, na kwenu linabeba uzito kuliko kwa wengine. Tuseme anacheza saa nne kwa siku, yaani saa 120 kwa mwezi. RX 580 ikifanya kazi kwa nguvu zote itakula uniti 22 hivi kwa muda huo, 1650 itakula 9. Kompyuta yenyewe tayari imo kwenye zile 60 zenu. Kwa hiyo na 1650 mtafika 69, na RX 580 mtafika 82. Bei ya matumizi madogo ina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, na ukivuka hapo kila uniti inapanda zaidi ya mara mbili. Kadi moja inawabakiza chini ya mstari, nyingine inawavusha. Mwonyeshe mama hesabu hiyo, ataielewa haraka kuliko sisi wote.

Tuzirudie zile video. Mtu anayepima kadi kwa umakini huifunga kwenye kompyuta yenye prosesa kali kuliko zote alizonazo, makusudi, ili kadi isizuiwe na kitu kingine. Ni njia sahihi ya kulinganisha kadi kwa kadi. Haikuambii utakachopata kwenye i5-4590, prosesa ya 2014 yenye viini vinne na nyuzi nne. GTA V na Valorant zinaitegemea sana prosesa. Hata EA wenyewe kwenye mahitaji ya chini ya FC 24 waliandika i5-6600K kwa prosesa, ambayo ni mpya kuliko yenu kwa vizazi viwili, na GTX 1050 Ti au RX 570 kwa kadi. Maana yake upande wa kadi 1650 inapita mstari huo vizuri, na kinachowabana ni prosesa. Ukiongeza nguvu ya kadi, prosesa inabaki pale pale ilipo.

Kisha monita. Nukta 1440 kwa 900 ni kama milioni 1.3. Majaribio mengi ya kwenye video hufanywa kwa 1920 kwa 1080, ambazo ni zaidi ya milioni mbili. Kadi yenu itachora chini ya theluthi mbili ya kazi inayochorwa kwenye zile video. Na monita za ofisi za aina hiyo huonyesha picha 60 kwa sekunde, basi. Kadi ikitoa fremu 60 au 90, jicho lake litaletewa 60. Ile nguvu ya ziada anayoililia, sehemu kubwa haitafika hata kwenye kioo.

Ningependa kijana azoee kutazama namba nyingine anapoangalia video hizo: zile fremu za chini kabisa, ambazo huandikwa 1%. Wastani unaweza kusoma 80 huku kila ukikaribia goli picha inashuka hadi 25 na mchezaji anakwama. Hapo ndipo mtu anasema kadi ni kimeo, kumbe RAM imejaa. Kwenye kompyuta yenu nina hakika zaidi na tatizo la RAM kuliko la kadi. Mwambie afungue boksi aone kama hiyo 8GB ni kipande kimoja au viwili. Ikiwa kimoja, tafuteni cha pili kinachofanana nacho, DDR3, ili viwili vifanye kazi pamoja. RAM ya mtumba ya aina hiyo bei yake ni ndogo, na atauona utofauti siku hiyo hiyo.

Kuhusu 8GB dhidi ya 4GB sitamdanganya. Kwa gemu mpya za leo, kwenye monita ya 1080, 4GB ni kidogo, na angekuwa na kompyuta ya karibuni ningemwambia asiguse kadi yenye kumbukumbu hiyo. Kwa gemu tatu alizozitaja na monita aliyonayo, 4GB inatosha akiacha ubora wa picha kwenye kati hadi juu na asilazimishe kila kitu kiwe cha juu kabisa. Na aelewe kwamba ukubwa wa kumbukumbu peke yake haukwambii kitu. Ghala kubwa lenye mlango mwembamba bado linachelewesha mzigo. Kuna GT 1030 mbili zinazouzwa kwa jina moja na 2GB ile ile. Yenye kumbukumbu ya GDDR5 inapitisha gigabaiti 48 kwa sekunde, yenye DDR4 haifiki 17. Mnunuzi anayeangalia jina na namba ya GB hawezi kuzitofautisha, na ya pili inakwama vibaya sana.

Mtego wa jinsi hiyo upo hata kwenye 1650, tena una sura mbili, kwa hiyo Jumamosi uwe macho. Kwanza, ya mwaka 2019 ilikuja na GDDR5 inayopitisha gigabaiti 128 kwa sekunde. Mwaka uliofuata ikatoka yenye GDDR6, inayopitisha 192. Zikiwa bei moja, chukua ya GDDR6. Ikiwa ya GDDR5 ni nafuu kwa elfu thelathini au arobaini, chukua hiyo na usijilaumu. Pili, na hili kwenu ndilo kubwa, watengenezaji wengine wameiongezea 1650 kasi kidogo na kuiwekea tundu la pini sita ubavuni. Hiyo haiwafai, mtarudi kwenye hadithi ya adapta. Igeuze, tazama ukingo wote wa juu na wa nyuma. Ikiwa na tundu, mrudishie muuzaji. Chagua fupi, yenye feni moja, maana ndani ya boksi la Dell nafasi ni finyu upande wa diski.

Na mtu akikuletea RX 6500 XT akakuambia ni mpya zaidi, kwa hiyo ni bora, ikatae. Ni ya 2022, kweli, lakini imeunganishwa kwa njia nne tu za PCIe, zile za kupitishia data kati ya kadi na madabodi, na inategemea madabodi ya kizazi cha nne. Ya kwenu ni ya kizazi cha tatu, ambapo kila njia inapitisha nusu ya mzigo. Inahitaji pia waya wa umeme, na haina sehemu ya kusimba video (kuibana iwe faili), kitu ambacho mhariri wa video za sendofu anakihitaji. GTX 1650 inayo.

Naomba pia nimtetee kidogo yule rafiki wa Kinyerezi, asije akaonekana tapeli. RX 580 ni kati ya kadi zilizopendwa sana na wachimbaji wa sarafu za kidijitali, na Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kutumia kadi tarehe 15 Septemba 2022, kadi nyingi zikamwagwa sokoni. Nyingi za 2048SP zinazouzwa kama mpya zina chipu zilizokwisha kufanya kazi hiyo. Kufanya kazi mfululizo si lazima kuue kadi. Kinachochoka ni feni na zile pedi za kupooza kumbukumbu. Kwa mtu mwenye pawasaplai ya wati 500 na asiyejali uniti 13 za ziada, 250,000 si bei mbaya, ingawa mimi ningeanzia 200,000. Ajue tu kwamba AMD, watengenezaji wa RX 580, tangu 2023 wanatoa draiva za kizazi hicho kwa nadra.

Basi Jumamosi nenda naye. Nasema hivyo kwa makusudi. Kijana huyu anasoma, analinganisha, anatafuta ushahidi. Ukimnunulia kadi na kumletea kwenye mfuko atakuwa amepokea uamuzi wako. Akiipima mwenyewe kaunta atakuwa amechagua. Usiku wa kuamkia Jumamosi mpe kazi ya kukusomea stika ya pawasaplai na kujumlisha wati mwenyewe. Usimwambie jibu.

Apakue GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, kwenye fleshi. Dukani waombe waifunge kadi kwenye kompyuta yao, kisha kijana aiendeshe programu hiyo. Anatafuta vitengo 896 vya kuchakata, njia ya kumbukumbu ya biti 128, na aina ya kumbukumbu iwe ile ile iliyoandikwa kwenye boksi. Kadi iliyobadilishiwa jina, programu hiyo ina uwezo wa kuitambua na itaandika wazi kuwa ni feki. Baada ya hapo aiendeshe FurMark, programu ya kuipa kadi kazi nzito, kwa robo saa. Joto likitulia chini ya nyuzi 80 ni vizuri. Likipanda kuelekea 90, au vikatokea vidoti vya rangi na mistari kwenye skrini, asante na kwaheri. Asikilize feni, inatakiwa ivume bila kukwaruza. Atazame lile bati la nyuma lenye matundu na skrubu zake. Hewa yetu ya pwani haifichi siri, kutu mahali hapo inakuambia kadi ya "boksi jipya" imekaa wapi. Muuzaji akisema hakuna muda wa majaribio yote hayo, jueni nanyi hamna muda wa kumlipa.

Risiti iwe ya EFD, iandikwe jina kamili la kadi na namba yake ya utambulisho (serial number) iliyo kwenye stika, ilingane na ya kwenye boksi. Waranti ya miezi sita bila namba hiyo utaidai kwa tabu. Muulize kabisa, kadi ikifa mwezi wa pili, anabadilisha au anapeleka kwa fundi? Jibu lake liandikwe nyuma ya risiti.

Kwa ile monita ya VGA mtanunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, kile kidogo chenye waya mfupi, kipo kila kona Kariakoo na bei yake ni ndogo. Ikibaki hela baada ya RAM, nunueni stabilaiza au UPS ndogo, kwa sababu umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo ndipo kadi nyingi zinapokufa. Kabla ya kuifunga kadi, BIOS (programu ya msingi ya kuiwasha) ya hiyo Dell isasishwe kutoka kwenye tovuti yao. Na kwa sasa asikimbilie Windows 11, Valorant kwenye Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo mashine hiyo haikutoka nayo.

Bei: anza na 320,000, ukionyesha kwamba una hela taslimu na kwamba kadi hiyo ilitoka 2019. Nadhani mtakutana kwenye 350,000. Mpaka 360,000 lipa, kwa sababu ya waranti. Wakikatalia juu ya hapo, waambie unarudi, kisha ulizia maduka mengine hapo hapo Posta kama wana 1650 ya mtumba isiyo na tundu la umeme, ipimwe kwa hatua zile zile, na kwa hiyo usivuke 280,000.